Kiki ya "Planet Rock" kwenye bredbodi: hatimaye imegonga

Wakuu, imegonga. Juzi usiku kiki, ile ngoma nzito ya besi, imetoka kwenye spika ya inchi 12, glasi za kabatini zikaanza kuongea, na mama watoto akaja kusimama mlangoni kuuliza kama sauti niliyoihangaikia muda wote huu ndiyo hiyo tu. Ndiyo hiyo tu.

Mradi mnaujua: biti ya "Planet Rock", ule wimbo wa hip-hop wa 1982, kwa saketi tupu kwenye bredbodi (ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu), bila sampo hata moja. Kila chombo cha Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotumika kwenye wimbo huo, nakijenga mwenyewe, na Arduino, kompyuta ndogo ya bodi moja, inashika zamu ya kupanga mapigo. Wengi mlinishauri nipakue sampo za 808 za bure, nilale. Nijibu hili kwanza kabla ya kusimulia kilichonitesa.

Sampo ni pigo moja lililorekodiwa. Ulipige mara mia, utapata lilelile mara mia. Ndani ya 808 hakuna kilichorekodiwa. Kiki yake ni opampu (chipu ya kukuza mawimbi ya umeme) iliyozungushiwa rizista na kapasita, ukiishtua kwa umeme kidogo inayumba yenyewe, chini kidogo ya hezi 50, halafu inatulia taratibu. Sasa "Planet Rock" inakimbia karibu mapigo 127 kwa dakika, na kiki yake haikanyagi kila pigo kama ya muziki wa hausi. Inaruka, inajificha, inarudi pale usipoitegemea. Kwa mwendo huo robo ya pigo ni milisekunde 118 hivi. Kiki mbili zikikaribiana, ya pili inaikuta saketi bado inayumba kwa ile ya kwanza, kwa hiyo mshtuko mpya unajumlishwa na mabaki ya wa zamani. Mawimbi yakiwa yanapanda pamoja, sauti inavimba. Yakipishana, inanywea. Niiteni mgonjwa, lakini mimi hiyo tofauti naisikia, na ndiyo inayofanya biti ile ipumue.

Haya, kilichonitesa. Saketi ya kiki haina siri siku hizi: kapasita mbili za nanofaradi 15, rizista ya megaohm 1 kwenye mrejesho, na upande wa chini kiloohm 47 na 6.8 kwa mfululizo. Niliiunganisha, ikalia, masafa yako sawasawa. Ila legelege! Kiki ya mkwe anabisha hodi ukweni. Nikachomoa opampu ya TL072, nikaweka ya NE5532: vilevile. Nikatupa kapasita za seramiki, nikaweka za filamu. Masafa yakaacha kuhamahama kila feni ikiwashwa, uzito haukuja. Nikapandisha umeme kutoka volti 12 hadi 15 kila upande, kama Roland walivyofanya. Sauti ikaongezeka, ulegevu ukaongezeka nayo.

Kilichonifungua macho ni kutazama wimbi la kwanza kabisa peke yake. Kwenye 808 halisi kuna transista, swichi ndogo ya umeme, inayoiruka ile rizista ya kiloohm 47 kwa milisekunde chache pigo linapoanza. Inabaki 6.8 peke yake, na hesabu inakupa karibu hezi 130. Yaani kiki inaanza juu halafu inadondoka ghafla kwenye besi yake. Mdondoko huo ndio ule mlio wa "tok" unaousikia kifuani kabla ya "duum". Kwangu wimbi la kwanza lilikuwa sawa na la tano. Transista ilikuwa pale imekaa, haifunguki inavyotakiwa.

Na haifunguki kwa sababu ya Arduino. Ndani ya 808 umeme wa kushtua vyombo ni wa kama milisekunde 1, na kimo chake kinafuata mkazo: pigo lililotiwa mkazo linapita volti 10. Arduino yangu inatoa 5, basi. Zikishapita kwenye dayodi na rizista za njiani, kinachofika kwenye transista ni sadaka. Dawa yake ni transista mbili, BC547 moja na BC557 moja: ya kwanza inageuza, ya pili inageuza tena, inaingia volti 5 inatoka 12. Hizo mbili hazifiki bei ya soda. Nikaongeza pini nyingine ya Arduino kwa ajili ya mkazo, na hapo ndipo glasi zilipoanza kuongea.

Nobu ya urefu wa mlio nayo ilikuwa na kiburi chake: ukiifungua mpaka mwisho saketi haitulii tena, inanguruma hadi uzime umeme. Rizista moja ya kupunguza mrejesho imeimaliza.

Kuhusu vifaa. Bredbodi za bei poa ni adui wa maendeleo. Nusu ya "hitilafu" zangu zilikuwa mashimo yaliyolegea. Osiloskopu (vifaa vya kutazama mawimbi ya umeme) ndogo za kujiungia zina faida kwa kazi nyingine, lakini kwa hezi 50 kadi ya sauti ya kompyuta na programu ya Audacity vinatosha kabisa, na unavuta wimbi kwa ukubwa unaotaka. Usisahau tu kuupunguza umeme kwa rizista kabla ya kuuingiza kwenye kompyuta. Na upande wa Arduino, anayepanga biti kwa "delay", amri ya kuisimamisha programu isubiri, aache leo, atumie taima. 808 haina swingi (kuchelewesha baadhi ya mapigo makusudi) hata kidogo, hatua 16 zimenyooka kama zilivyo. Mdundo wote unatoka kwenye unapoiweka kiki na unapoacha wazi. Taima ikiyumba kidogo tu, unasikia.

Ninachokipenda ni kwamba hata wenyewe hawakuwa na mashine hiyo. Mwaka 1982, New York, Arthur Baker anamtengenezea Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wimbo huo kwa lebo ya Tommy Boy, kichwani ana melodi ya "Trans-Europe Express" ya Kraftwerk, kundi la Kijerumani la muziki wa elektroniki, ya 1977 na ngoma za "Numbers" ya 1981. John Robie yuko kwenye sintesaiza. 808 wakaipata kupitia tangazo la gazeti la Village Voice: mtu mwenye mashine ya ngoma, anakodiwa kwa dola 20. Dola 20! Mashine yenyewe ilitoka 1980 kwa dola 1,195, wakati LM-1 ya Linn, mashine nyingine ya ngoma iliyokuwa na sampo za ngoma za kweli, ilikaribia 5,000. Roland waliacha kuitengeneza 1983, zikiwa zimetoka kama 12,000 tu. Ile iliyoonekana ya kitoto kwa sababu haikufanana na ngoma halisi ndiyo mpaka leo kila prodyuza anaitafuta besi yake.

Mpango ulisema baada ya kiki ni makofi. Makofi yatasubiri. Nikitafuta transista kwenye kopo nimekutana na CD40106, chipu yenye inveta sita, na chipu ya namna hiyohiyo ndiyo inayoendesha matoazi ya 808: osileta (saketi zinazotoa mawimbi mfululizo) sita za mawimbi ya mraba, kila moja na masafa yake, hakuna inayopatana na mwenzake. Mbili kati ya hizo, ya hezi 540 na ya 800, ndizo kengele ya ng'ombe. Nikaziunganisha palepale, nikazipitisha kwenye kichujio, nikazifupisha mlio, na kengele ikalia kabla chakula hakijaiva. Imelia safi kiasi cha kuniudhi, baada ya yote niliyopitia kwa kiki. Osileta nne zimebaki bure kwenye chipu, kwa hiyo hai-hati, yale matoazi mawili yanayogongana, inafuata, makofi wakuu mnisamehe.

Tatizo kubwa naliona linakuja. Ule mlio wa okestra unaolipuka ndani ya wimbo umetoka kwenye Fairlight, sintesaiza ya kompyuta inayopiga sampo, sauti inayoitwa ORCH5, na ORCH5 ni sampo, imekatwa kwenye rekodi ya "The Firebird" ya Stravinsky. Yaani wimbo wenyewe umevunja kanuni yangu miaka 40 na ushee iliyopita. Mwenye wazo la kuipata okestra nzima kwa opampu na rizista alilete, mradi asiniambie nipakue.