CRF au kupitia mara mbili: ninavyobana video za harusi

Wateja wangu hapa Busia hawaulizi kodeki, yaani njia ya kubana video. Wanaleta fleshi ya gigabaiti 8 na kutaka harusi nzima iingie, icheze kwenye TV ya sebuleni. Maamuzi yangu yote yanaanzia hapo.

Fleshi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa faili uitwao FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Kuigeuza iwe exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, ni kazi ya sekunde chache, lakini TV nyingi za zamani haziisomi. Basi ukubwa umeshapangwa kabla sijagusa kitu, na kwa kazi ya namna hiyo napitia video mara mbili. Mara ya kwanza programu inapima tu wapi kuna fujo na wapi kumetulia. Mara ya pili inagawa biti kwa kufuata vipimo hivyo. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa P6 (darasa la sita): megabaiti 3,800 mara 8, gawanya kwa sekunde 7,200 za saa mbili, unapata megabiti 4.2 hivi kwa sekunde. Toa za sauti, picha inabaki na 4.

Asiponibana mtu kwa ukubwa, kama kwenye nakala yangu ya akiba, natumia CRF, yaani kubana kwa kufuata ubora badala ya ukubwa. Naiambia x264, programu inayobana kwa kodeki ya H.264, ubora ninaoutaka, faili litoke na uzito wowote. Kipimo kinaanzia 0 hadi 51, namba ikipanda ubora unashuka, na usipoigusa inakaa 23. Mimi nakaa 20. Ukishuka hatua 6 tu faili linakaribia kuongezeka maradufu, kwa hiyo anayeweka 14 "kwa usalama" anajaza diski bure.

Hotuba ya diwani aliyesimama na maikrofoni inabanika hadi unashangaa. Kinachokula biti ni kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya harusi: wasichana wamepanga mstari na vikapu, gomesi (magauni ya sherehe) zinametameta, kila mtu anacheza. Hapo ndipo ninapokagua. Nasimamisha fremu kwenye bega la gomesi nikitazama nakshi. Ikiwa imevurugika kama uji uliomwagika, nashusha namba. Kisha natafuta ukumbi usiku, ule ukuta unaomulikwa taa za bluu. Rangi ikikatika mapande mapande badala ya kufifia taratibu, biti hazijatosha.

Vijana wananisukuma nihamie kodeki ya H.265. Wana hoja: hiyo ya 2013 inaweza kutoa picha ileile kwa karibu nusu ya biti za H.264 ya 2003, na kodeki ya AV1 ya 2018 inabana zaidi. Lakini hajati mmoja alinijia na fleshi aliyotengenezewa kwingine. "Mwanangu, sauti naisikia, bibi harusi simwoni." TV yake haikuifahamu H.265. Nyumbani kwangu nahifadhi kwa H.265, ya mteja ni H.264, sibishani.

Kubana kwa kadi ya video ni haraka mno, ila kwa ukubwa uleule x264 ikienda polepole inaishinda kwa picha. Kadi naiachia vipande vya WhatsApp, ambavyo vitabanwa tena huko huko usipovituma kama dokumenti.

Halafu umeme. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, kwa hiyo stima ikikatika kazi ikiwa asilimia 95, faili halifunguki. Natoa kwanza MKV, aina nyingine ya faili la video, ambayo ikikatika bado inacheza hadi ilipofikia, kisha naihamishia kwenye MP4 kwa programu ya ffmpeg bila kubana upya. Dakika chache tu, na ubora haupungui hata chembe.

Sauti naiacha AAC (kodeki ya sauti) ya kilobiti 160 kwa sekunde. Ukiishusha hadi 96 unaokoa megabaiti 58 hivi kwa saa mbili nzima, na ngoma ndizo zinazokuwa za kwanza kuharibika.