Vizibo Hamsini

Mwanangu ameagizwa apeleke shuleni vizibo hamsini vya soda vya kujifunzia kuhesabu, na tangu Ijumaa jikoni kwangu hapapitiki. Leo nilipovisuuza kwenye beseni, mlio wake ulinirudisha Mbagala, mwaka 2019, kwenye ile kazi ya kukusanya maoni ya watoto ambayo huwa naitaja juu juu.

Tulikuwa tumeazimwa darasa siku ya Jumamosi. Juu ya dawati tulipanga makopo manne ya maziwa ya unga, kila moja limebandikwa picha: mwalimu, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na simu ya 116, namba ya bure ya kuomba msaada kwa ajili ya watoto. Kila mtoto alipewa kizibo kimoja akitumbukize kwenye kopo la yule ambaye angemkimbilia kwanza endapo mtu mzima angemfanyia jambo baya. Tuliacha dodoso kwa sababu mtoto akiulizwa ana kwa ana humjibu mkubwa kile anachodhani mkubwa anataka kukisikia. Hata migongo tuliwageuzia, tukawa tunatazama ubao. Nyuma yetu vizibo vikalia kimoja kimoja, vingi vikiangukia kopo la mwisho, nami nikaanza kufurahi kimoyomoyo kwamba ile namba ya bure imewafikia.

Kisha pakawa kimya. Nilipogeuka, binti wa miaka kama tisa, sare yake imeshikizwa kwa pini begani, alikuwa amesimama mbele ya kopo la 116, kizibo amekifumbata kwa nguvu kiasi kwamba alipofungua mkono, meno ya kizibo yalikuwa yameacha duara kiganjani.

“Dada, hiyo simu ni ya nani?”

Nikamweleza kwamba kupiga ni bure, wala salio halihitajiki. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

“Nyumbani mwenye simu ni baba mdogo,” akasema. “Mimi ningeenda kwa mama wa vitumbua.”

Akayatazama makopo moja baada ya jingine, kana kwamba la mama wa vitumbua limefichwa nyuma ya mengine, halafu akakiweka kizibo chake pembeni, juu ya mbao tupu, taratibu, akarudi kuketi.

Huenda alikuwa anaeleza tu simu ni ya nani. Nilimnong’oneza afisa ustawi tuliyekuwa naye, akaandika jina, akaahidi kufuatilia. Sikuwahi kumuuliza alifikia wapi.

Jedwali la ripoti lilikuwa na safu nne na ya tano ya “hakujibu”, na mkuu wetu akaagiza kizibo kile kihesabiwe humo. Ukurasa wa kwanza wa ripoti hiyo hiyo tulikuwa tumeitaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Nilibisha, lakini si sana. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule.

Jumatatu nilirudi pale nje ya geti la shule. Mama wa vitumbua alinikumbuka, maana ile Jumamosi tulinunua kwake vya chai. Nikanunua vingine vitano, nikasimama karibu na jiko lake hadi vikapoa mkononi, na sikupata namna ya kuanza kuuliza.