Nilivyoiakhirisha habbasoda hadi dozi za kemo zikaisha

Daktari aliponambia kwamba kwa saratani yangu ya titi nitatiwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, ile nyekundu, na nywele zitanyonyoka, sikulilia titi. Nililia nywele. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akinisuka tangu utotoni, kwetu Wete.

Yeye hakukaa kitako. Kabla ya wiki kwisha alishaniletea habbasoda ya kusaga, unga wa mlonge, chai ya kijani, na vidonge vya mbegu za zabibu alivyoagiza kwa mwanawe aliyeko Dubai. "Mwanangu, hivi vina antioksidanti, vinaulinda mwili," akanambia, akanikumbusha na hadithi ya Mtume (SAW) juu ya habbasoda. Nilimwamini, na nilitaka kumwamini.

Nilipanda navyo boti hadi Unguja, nikampangia daktari mezani. Hakunidharau. Alinieleza kwamba doksorubisini, yaani hiyo dawa nyekundu, huua seli zinazogawanyika upesi, na mashina ya nywele yamo katika hizo. Takriban asilimia 90 ya nywele za kichwani huwa ziko katika kukua. Tena sehemu ya kazi yake ni kuzusha ndani ya seli chembe kali za oksijeni. Antioksidanti huzizima chembe hizo. Kidonge hakichagui: kikilinda nywele, huenda uvimbe wa saratani nao kikaulinda. Na habari nyingi za chai ya kijani kulinda nywele zimetoka kwa panya na maabara, si kwa wagonjwa. Kilichothibitika kusaidia, ingawa si kwa kila mtu, ni kofia ya baridi inayopunguza damu ya ngozi ya kichwa wakati dripu inapopita. Mimi sikuipata.

Manjano ya mchuzini aliniruhusu. Vidonge, na unga wa kulamba kwa kijiko, alinikataza hadi dozi zote ziishe.

Kumwambia mama mdogo ndiko kulikonitaabisha. Sikusema "daktari kakataa." Nilisema, "Mama, tumeakhirisha." Alinyamaza kitambo, kisha akavifunga vyote katika kitambaa, akaviweka kabatini kwake.

Siku ya 16 niliamka mto umejaa nywele. Ngozi ya kichwa ilikuwa ikiniuma hata kwa kuguswa na shuka. Mama mdogo akanikalisha uani, akaninyoa taratibu kwa mashine, akanipaka mafuta ya nazi kidogo. Mitandio ya kuteleza nikaiacha. Nikavaa kofia ya pamba, na ushungi mwepesi juu yake. Nyusi zilipokwenda, na hizo sikuzitarajia, wanja ukanisitiri.

Wiki ya 6 baada ya dozi ya mwisho, kichwa kilianza kuota malaika laini, mengine ya kijivu. Nilipopata ruhusa ya daktari nilimpigia simu mama mdogo kabla sijapanda boti. Nilipofika Wete kitambaa kilikuwa kimeshafunguliwa, na habbasoda mpya imekwisha kuchanganywa na asali.