Milioni nne kwa mguu wa ndugu yangu

Ndugu yangu ni fundi wa milango, Mwanakwerekwe. Daladala aliyopanda njia ya Bububu ilipinduka, akavunjika muundi wa kulia, akatiwa chuma. Mwezi wa tano bima ya mwenye gari ikaleta barua: shilingi 4,000,000, tumalizane. Nyumbani ikawa kama sikukuu. Mama kashazigawa: ada ya skuli, bati za uani. Mie nashika hesabu za duka la watu Darajani, kwa hivyo barua nikapewa mie.

Kiasi sikukitazama mwanzo. Nilianza na hati iliyobanwa nyuma yake, ile ya kutia saini. Inasema anapokea pesa hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho ya madai yote, yaliyopo na yatakayotokea. Sasa daktari kashatwambia chuma huenda kikahitaji kutolewa mfupa ukishaunga. Siku hiyo nani atalipa? Ukishatia saini, ni wewe na ndugu zako. Nikamrejesha kwa daktari, aandikiwe kwa kalamu: mfupa umeunga kiasi gani, goti linakunja mpaka wapi, atapasuliwa tena au basi. Seremala kazi yake nyingi kuchutama. Asiyechutama vizuri atapiga randa, lakini kizingiti kitamshinda.

Halafu hesabu. Risiti za spitali, dawa na magongo: 2,140,000. Nauli za bajaji hazina risiti, nikaziacha nje kwa uchungu, kwa sababu Mahakama ya Rufani ilishatamka tangu 1992 kuwa hasara mahsusi, yaani pesa mtu alizokwisha kutoa au kupoteza, sharti itajwe na ithibitishwe. Kwa kipato, mtu akisema tu "napata vizuri" hasaidiki. Bahati yake ana daftari la oda, limejaa vumbi la mbao, limeandikwa kwa penseli: jina la mteja, upana wa mlango, advansi, baki. Kwa daftari lile nikapata wastani wa 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Miezi mitano aliyokaa bila kazi ni 3,250,000. Jumla 5,390,000, na hapo maumivu hayajahesabiwa, wala goti, wala chuma. Hiyo milioni nne haifikii hata alichokwisha kupoteza.

Lakini na watu wa bima wana lao, na mwenye kupima mizani hapimi upande mmoja. Kondakta kawaambia polisi kuwa ndugu yangu alikuwa akining'inia mlangoni. Likithibiti hilo, mahkama inaweza kumpa sehemu ya lawama na fidia ikakatwa. Yeye anasema alikuwa kakaa siti ya nyuma ya dereva, na mama mmoja aliyekaa naye yuko tayari kusema hivyo. Kesi nayo huchukua muda, wakili hafanyi kazi kwa dua, na watoto wanakula leo. Kwa hivyo sikatai suluhu. Wazee wanasema suluhu ni kheri, nami naamini. Ila mjomba wa dereva alipokuja na sheha na kilo za mchele, akisema ni kadari ya Mungu turidhike, nilimkaribisha chai na barua sikuigusa. Ajali ni kadari, sawa. Bima pia mwenye gari kaikata kwa sababu ya kadari kama hizo.

Watu wa bima niliwajibu kwa barua fupi, vivuli vya risiti na kurasa za daftari nyuma yake, ripoti ya daktari juu kabisa. Kwenye simu sikubishana. Kijana wao ana adabu, "dada" kila neno la tatu, lakini maneno ya simu hayaachi alama.

Wiki iliyopita wamepanda mpaka 6,500,000, hati ile ile. Toa hasara iliyokwisha, inabaki 1,110,000 kwa goti la fundi na upasuaji ujao. Nimewaandikia tena: ama gharama ya kutoa chuma itolewe kwenye hati, ibaki deni lao, ama iongezwe kwenye pesa. Wakinyamaza, malalamiko nitayapeleka TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi hapa Unguja. Ndugu yangu kakubali kungoja. Mama bado kaninunia, anasema pesa za watu hazichezewi, na bati amekwenda kuulizia bei mwenyewe.