Raba za milango na chumvi ya bahari

Wenye magari wa Mtwara, hasa tunaolaza gari huku Shangani karibu na maji: zikagueni raba za milango kabla mvua za Desemba hazijashika. Jua huzikausha mpaka zipasuke, na chumvi hujificha kwenye mikunjo pamoja na vumbi. Mimi nazifuta kwa kitambaa, maji ya bomba na sabuni kidogo, naziacha zikauke kabisa, kisha napaka mafuta ya silikoni kiduchu (si ile gundi ya kuzibia). Sasa ni laini, na mlango haulii tena.

Vijana wa kuosha magari wakitaka kupaka dizeli ili plastiki nyeusi zing'ae, nakataa katakata! Zinang'aa kwa muda mfupi tu, halafu zinanasa vumbi. Dizeli ikigusa raba, inaivimbisha na kuilegeza. Plastiki za nje zinataka kivuli zaidi. Gari yangu nimeihamishia chini ya mwarobaini.