Trauti wa Montana mbele ya mvuvi wa Igombe

Nipo Mwanza likizo. Juzi nilikuwa Igombe kwa rafiki yangu anayeishi kwa migonzo ya sangara, ile mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, nikamwonyesha video ya siku niliyokwenda na jirani yangu kuvua samaki aitwaye trauti kwenye Mto Bitterroot, kule Montana, Marekani, ninakoishi. Akaitazama kimya mpaka mwisho, amekaa ubavuni mwa mtumbwi. Kisha: "Kaka, sasa chambo kiko wapi?"

Chambo hakuna. Nilikuwa na kikopo cha ndoano zile, nikampa moja aishike. Ni ndoano ndogo mno, imezungushiwa uzi na manyoya ya ndege mpaka ikafanana na mdudu. Haina uzito, hivyo huwezi kuirusha kama ndoano zetu zenye kipande cha madini ya risasi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito kwa makusudi. Unaupeleka nyuma kwa fimbo, unausubiri unyooke hewani, ndipo unauleta mbele. Ukiwa na haraka unavua mti ulio mgongoni kwako.

Kilichomwingia ni habari ya mawe. Jirani yangu, kabla ya kufunga ndoano yoyote, aliingia kwenye yale maji ya theluji, akageuza mawe ya chini na kutazama wadudu waliong'ang'ania pale. Ndipo akachagua ndoano inayofanana nao. "Huyo sasa ni mvuvi," rafiki yangu akasema, akanyoosha kidole ziwani. Mbali kidogo vile vijidudu vya ziwa vilikuwa vimepanda kama moshi. Anajua vizuri kwamba dagaa huwala.

Tulipofika kwenye habari ya mimi kumrudisha trauti majini baada ya kumvua, tukabishana kweli.

"Mimi nikimrudisha sangara ni kwa sababu hajafika sentimita 50, na afisa uvuvi yupo. Wewe nani alikukataza?"

Nikamwambia trauti wa asili wa kule, mwenye alama nyekundu chini ya taya, amepungua. Waliletwa wengine, wa pwani ya Pasifiki na wa Ulaya, wakamsonga. Hapo hakuhitaji maelezo zaidi. Wazee wetu walitusimulia habari za furu wa kila rangi waliojaa humu kabla ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960.

"Na hapa trauti angeishi?"

Asingeishi. Maji yakizidi nyuzi joto 20 anaanza kutaabika, na ziwa letu halishuki hapo. Kwa Afrika Mashariki anapatikana kwenye mito ya milimani, kama ile ya Mlima Kenya, nako alipelekwa na wakoloni.

Jioni akaifunga ile ndoano ya manyoya kwenye mshipi wake, tukakaa mawe ya karibu na kwake. Sato hawakujali kabisa. Akaitoa, akatumbukiza mnyoo, na mshipi haukukaa muda. Sato mpana, mweusi mgongoni. Sikuthubutu kutaja kurudisha. Shemeji alikuwa ameshateleka maji ya ugali.