Jeli ya chunusi ya kuandikiwa na daktari: ninavyoitumia bila kuiunguza ngozi

Jeli niliyoandikiwa na daktari wa ngozi hapa Kampala ina dawa mbili katika tyubu moja: adapalini asilimia 0.1 na benzoili peroksaidi asilimia 2.5. Adapalini ni ya ukoo wa vitamini A. Inazuia ngozi iliyokufa isizibe vitundu vya vinyweleo, na inatuliza uvimbe. Benzoili peroksaidi inaua bakteria walio ndani ya vitundu hivyo, na bakteria hao hawaizoei kama wanavyozoea antibayotiki. Ndiyo maana mtu aliyeuziwa antibayotiki ya kupaka iitwayo klindamaisini peke yake amrudie musawo (mhudumu wa afya) aulize kuhusu kuiambatanisha na benzoili peroksaidi. Klindamaisini ikipakwa peke yake kwa muda mrefu, inazalisha bakteria sugu.

Dawa hii inasaidia sana, lakini ni kali, na sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Ngozi yetu ikiungua huacha doa jeusi, na doa linaweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kwisha. Anayepaka nyingi ili apone haraka anaweza kumaliza chunusi akabaki na madoa mengi kuliko alivyoanza. Kila ninachofanya kinalenga jambo hilo moja: ngozi isiwake moto.

Usiku naosha uso kwa viganja tu, kwa sabuni laini isiyo na manukato. Dodoki halifai, wala krimu zenye chembechembe za kusugua. Nakausha kwa kugusagusa taulo, kisha nasubiri dakika 15 hadi 20, kwa sababu ngozi yenye majimaji hunywa dawa kwa kasi na kuanza kuchonyota. Halafu nakamua jeli ya ukubwa wa punje moja ya njegere kwenye ncha ya kidole. Hiyo inatosha uso mzima. Naigawa kwa vinukta: kimoja kwenye paji, kimoja kila shavu, kimoja kidevuni, ndipo naisambaza taratibu mpaka isionekane. Ukiona weupe umebaki juu ya ngozi, umezidisha.

Sipaki chunusi moja moja. Adapalini hufanya kazi kwenye vitundu vinavyoanza kuziba, ambavyo jicho bado halijaviona, kwa hiyo eneo lote linalotoka chunusi lipate tabaka jembamba. Ninaporuka ni kope, midomo, na pembe za pua na mdomo. Pembe hizo zina mikunjo ambayo jeli hujikusanya, na ndipo watu wengi huanza kubanduka ngozi. Vaseline kidogo ikitangulia hapo inazuia. Mwisho naosha mikono, kisha napaka losheni isiyo na manukato. Mwenye ngozi kavu atangulize losheni, jeli ifuate.

Daktari akikuruhusu kuanza polepole, anza hivi: wiki 2 za kwanza, usiku mmoja kila baada ya siku mbili, wiki 2 zinazofuata, usiku mmoja upake na mmoja upumzike, baada ya hapo kila usiku, kama ngozi imekubali. Kukauka na kuwasha kidogo mwanzoni ni kawaida. Chunusi pia zinaweza kuongezeka katika wiki za mwanzo, na hapo ndipo wengi hutupa tyubu. Vumilia: matokeo yanapimwa kwenye wiki ya 8 hadi ya 12. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi zaidi, ikiuma hata kwa maji, acha jeli siku chache, tumia losheni tu, kisha rudi kwa kasi ya chini. Lakini ukivimba macho au midomo, au ukapata shida ya kupumua, hiyo ni mzio: acha kabisa na uende hospitali mara moja.

Ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na jua letu halina msimu wa kupoa. Jeli hii huifanya ngozi iungue upesi zaidi. Asubuhi napaka mafuta ya kuzuia jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili iliyokamuliwa juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, na narudia nikishinda nje. Kofia pana inasaidia. Aliyeandikiwa pia vidonge vya antibayotiki ya doksisaiklini aongeze uangalifu, kwani navyo huifanya ngozi iogope jua.

Benzoili peroksaidi inafuta rangi ya nguo. Taulo la bluu litapata mabaka ya rangi ya chungwa ambayo hayatoki kwa kufua, na kola ya sare au gomesi (vazi la kike la Uganda) vivyo hivyo. Lalia foronya nyeupe, na jeli ikauke kabla hujalala.

Usiichanganye na mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huwa na klobetasoli, steroidi kali inayoleta chunusi zake yenyewe, na ukiiacha ghafla uso hulipuka. Mwambie daktari ukweli kama umewahi kuitumia, maana matibabu yatabadilika. Limau na dawa ya meno zinaunguza tu. Kung'oa nywele za uso kwa nta kusimame muda wote wa matibabu.

Mwanamke mjamzito, au anayetafuta mimba, asipake adapalini. Amweleze daktari, naye atampa nyingine, mara nyingi asidi ya azelaiki.

Nunua famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na hakikisha kifuniko cha ndani hakijatobolewa na tarehe haijapita. Chini ya bati chumba huwa tanuri saa nane mchana, kwa hiyo tyubu ikae chini, mahali penye kivuli, mbali na dirisha.

Wiki ya 12 ikifika bila nafuu, au ukiwa na vinundu vya ndani vinavyouma na kuacha mashimo, rudi kwa daktari wa ngozi upate matibabu mengine. Usiongeze kiasi. Na uso ukisafika, usiache siku hiyo hiyo: uliza ratiba ya kuendelea, kwa kuwa vitundu huanza kuziba tena kimyakimya.